Spika Iliyobaki Kanisani

Mimi si mtu wa kulia. Mtu wa kukasirika ndiyo, hiyo Mutuini nzima inajua, lakini kulia hapana. Kwa hivyo mkiambiwa ati Mama Ciru alionekana Luthuli Avenue akilia mbele ya duka la fundi wa redio, jueni zile zilikuwa hasira zimekosa pa kutokea.

Mzee wangu, Ndegwa, alipigwa na kiharusi mwezi wa kwanza akiwa anakatia ng'ombe nyasi. Mkono ukarudi. Mguu ukarudi nusu. Mdomo ukakataa kabisa, na sasa ni miezi minane. Mtu aliyekuwa akibishana na taarifa ya habari, akibishana na mchungaji, akibishana na mimi juu ya chumvi, siku hizi ananitazama tu. Nikimuuliza ni chai au ni uji, anafumba macho. Haki ya Mungu, sikujua ninaweza kutamani kelele za mtu namna hiyo.

Jacklyne, yule mama wa kliniki anayefundisha wagonjwa kuongea, aliniketisha nje akaniambia, "Mama, kuna wagonjwa wanashindwa kusema jina lao lakini wimbo wanaimba. Tafuta ule mzee ameimba maisha yake yote. Mchezee kila siku. Neno moja tu likitoka, hata kama ni la kuimba, tutakuwa na mahali pa kuanzia."

Neno moja. Nikasema hilo litapatikana, hata kama ni kulichimba.

Wamama wa kanisa walisikia, wakaja kumi na wanne na kayamba zao. Waliimba nyimbo za kitabuni kuanzia saa nane mpaka saa kumi. Ndegwa akalala. Wakamaliza chai yangu na mkate wangu, wakaenda wakisema ameguswa.

Lakini wimbo mimi niliujua. Ulikuwa kwenye ile sahani yetu ya santuri, ya Ndambuki.

Ndambuki hakuwa mwimbaji wa kupiga kelele. Alichukua zile nyimbo ambazo kila bendi ilishazipiga kila ukumbi, nyimbo wazazi wetu walizichezea, akaziimba polepole kama mtu anaongea na mwenzake jikoni. Katika sahani hiyo nyimbo zote kumi ni za watu wawili. Anauliza, anajibiwa. Yaani alipaswa kujibiwa, maana kwa sahani yetu hakuna mtu alijibu. Anauliza, gitaa linazunguka, yaani linarudia kipande kile kile bila sauti ya mtu, halafu anaendelea kama mtu aliyeshajibiwa vizuri.

Ndegwa aliinunua kwa mchuuzi wa kando ya barabara, bila jalada, imefungwa kwa gazeti. Katikati iliandikwa "Ndambuki na Mwenzake". Nikamuuliza, huyo mwenzake yuko wapi? Akanijibu bila hata kufikiria, "Mwenzake si ni wewe? Ameacha nafasi wanawake waimbe wakiwa kwao." Nami nikaamini. Sasa mtu akikuambia hivyo na una miaka ishirini na saba, utakataa? Nyimbo zenyewe nilizijua tangu utotoni. Basi kila Jumapili tukitoka kanisani, yeye kwa kiti chake, mimi kwa jiko langu, Ndambuki anauliza, Ndegwa anauliza naye, mimi ninajibu. Tuliimba hivyo miaka thelathini na sita.

Na kila Jumapili tuligombana, mahali pale pale. Kuna wimbo mwanamume anauliza, "Jioni imefika, wewe uko wapi?" na mwanamke anajibu, "Niko njiani, niwekee chai." Mimi nilikuwa ninangoja gitaa lizunguke mara moja, ndipo ninaingia. Ndegwa alitaka niingie hapo hapo, kabla hata hajafunga mdomo. "Umechelewa," ananiambia. "Sijachelewa." "Umechelewa, Mama Ciru, mtu anauliza swali na wewe unasonga ugali." Kuna Pasaka tulinyamaziana siku tatu kwa sababu ya gitaa hilo.

Sasa, mashine ya kuchezea sahani panya walishakula nyaya zake. Nikaifunga sahani kwa leso, nikapanda gari hadi tauni, nikapata fundi anaitwa Oyoo, mtu mzima wa makamo, mpole. Akasema atahamisha nyimbo ziingie kwa flash, ile ya kuchomeka kwenye redio. Lakini sindano ya mashine yake ya sahani imeisha, nirudi Jumanne. Jumanne nikarudi, stima imepotea barabara nzima. Alhamisi nikarudi, stima iko, sindano iko, Oyoo ameenda matanga Siaya. Hapo ndipo nilipoonekana nikilia. Jumatatu nikarudi mara ya nne, na kabla hajanisalimia nikamwambia, "Leo sitoki hapa." Nikaketi juu ya televisheni mbovu mpaka akamaliza.

Binti yangu Ciru, anayefanya kazi ofisi ya Spring Valley, alikuja Jumamosi na redio mpya yenye spika mbili. Akaziweka moja huku, moja huku, Ndegwa katikati. Nikamvalisha koti lake la Jumapili. Nikabandika sufuria ingawa haikuwa saa ya kupika, nikitaka kila kitu kiwe vile kilikuwa.

Ndambuki akaanza. Sauti ile ile, jamani. Nikaona kidole cha Ndegwa kinagonga goti. Ndambuki akauliza, "Jioni imefika, wewe uko wapi?" Nikavuta pumzi niingie.

Mwanamke akaimba.

Si mimi. Mwanamke mwingine, ndani ya spika, na sauti tamu ajabu, imetulia, kama ya mtu ambaye hajawahi kukama ng'ombe wala kukimbiza kuku. Kidole cha Ndegwa kikasimama. Akageuza uso akatazama ukuta.

"Zima!" nikamwambia Ciru. "Zima hiyo kitu!"

Nikampigia Oyoo hapo hapo. Nikamwambia yeye ni mwongo, ameharibu sahani yangu, amenichanganyia na ya mtu mwingine, na Mungu anamwona. Akaningoja nimalize. Yule mtu ana subira, nitamsifu hata kama sitaki.

"Mama," akasema, "hiyo ni sahani yako. Zamani walikuwa wanarekodi hivyo, mwanaume upande mmoja, mwanamke upande ule mwingine. Kwani nyumbani mlikuwa na spika ngapi?"

Nikageuka nikatazama zile spika mbili za Ciru.

Tulikuwa na moja. Mashine yetu ilikuja na mbili, lakini kabla hata hatujanunua sahani ya Ndambuki, Ndegwa alilikopesha kanisa spika moja, ya harambee ya mabati. Ya siku moja tu, alisema. Mabati yakapatikana, yakawekwa, yakashika kutu, yakabadilishwa, na spika yetu ikabaki huko mbele karibu na mimbari, na nani ataenda kudai kitu kwa nyumba ya Mungu? Kila Jumapili niliiona pale, inatoa matangazo ya wamama na ya vijana. Kumbe huko ndiko mwenzake wa Ndambuki alikokuwa amefungiwa.

Ciru alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka jambo lingine.

"Rudisha mahali pale," nikasema. Akarudisha. Ndambuki akauliza. Nikahesabu kwa vidole. Gitaa likazunguka mara moja. Yule mwanamke kimya. Likazunguka mara ya pili. Ndipo akaingia, taratibu, bila haraka yoyote.

Mara mbili! Mimi nilikuwa ninangoja mara moja.

"Umesikia?" nikamgeukia Ndegwa. "Baba Ciru, umesikia huyo anaingia wakati gani? Mimi nilikuwa ninawahi! Miaka thelathini na sita unanisema bure! Ile Pasaka unaikumbuka? Haya, sema sasa! Sema nimechelewa!"

Akanitazama. Midomo ikatikisika, haikutoa kitu, na jicho la kushoto likajaa maji. Ciru akasema polepole, "Mami, wacha." Nikaondoka nikaenda kusimama kwa ng'ombe. Nilikuwa nimeshinda kesi ya maisha yangu na hakukuwa na mtu wa kushindwa. Niliona aibu, na hasira haikuisha, vyote pamoja.

Wiki hiyo nilimchezea kila siku kama Jacklyne alivyosema. Kila siku yule mwanamke akiingia, Ndegwa anatazama ukuta. Siku ya tano akasukuma redio kwa mkono ule mzima, ikaanguka. Nikaiokota nikasema basi, nimeshindwa. Nikaketi chini pale pale sakafuni, spika moja mapajani, nikiangalia waya wake.

Mimi nami kichwa changu wakati mwingine ni kigumu. Wiki nzima nilimchezea kwa spika mbili!

Nikamwuliza Oyoo kwa simu yule mwanamke yuko upande gani. "Chomoa ya kulia, mama." Nikachomoa. Nikaipeleka hiyo spika mpaka chumba cha kulala nikafunga mlango, kama mjuavyo mimi sifanyi mambo nusu. Nikabandika maji ya ugali jikoni. Nikabonyeza redio, nikarudi jikoni kuanza kusonga.

Ndambuki akaimba peke yake, upande mmoja, kama zamani. Kidole kikaanza kugonga goti. Akauliza, "Jioni imefika, wewe uko wapi?"

Nafasi yangu ilikuwa pale, nami nikasema leo nitaimba vile sahani inavyotaka, hata kama hakuna wa kunipa haki yangu. Gitaa likazunguka mara moja. Nikajizuia. Kwenye kiti nikasikia mtu anahema kwa nguvu. Likazunguka mara ya pili. Nikafungua mdomo.

"Niko njiani, niwek..."

"Ume... umechelewa."

Ilitoka nzito, imepinda, nusu yake imebaki kooni. Mwiko ukanianguka. Nikatoka jikoni na mikono yote imejaa unga nikamkuta amenikazia macho, uso umemkunjamana kwa hasira, hasira zile zile zake, na Ndambuki akiendelea kuimba bila sisi.

"Sijachelewa," nikamwambia. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Sijachelewa hata kidogo, Baba Ciru. Haya, bisha."