Wateja wa Fundi Waliopotea

Wateja walimwita Flashi, kwa sababu hakukosa flashi mkobani. Kazi yake ilikuwa kupeleka programu za maonyesho, yaani za kujaribu tu kabla ya kununua, kwenye maduka na karakana. Programu ilifunguka kwenye kivinjari na kufanya kazi ndani ya kompyuta ya mteja mwenyewe, hata pasipo intaneti. Mteja akiipenda, ananunua iliyo kamili.

Siku hiyo alikwenda kwa fundi cherehani, mama mmoja mcheshi, kumwekea toleo jipya. Alifuta la zamani, akasafisha kivinjari kama ofisi ilivyoagiza, akaweka jipya. Fundi akasogeza kiti, miwani puani.

"Haya, nifungulie wale watu wa hoteli."

"Watu gani, mama?"

"Wafanyakazi wote wa hoteli. Nimewapima, vipimo nimeviingiza humu. Leo nakata vitambaa."

Flashi aliacha kubofya. "Mama, hii ilikuwa ya majaribio tu."

"Uliniambia inafanya kazi, mwanangu. Nami nikaifanyisha kazi."

Alitafuta kila pembe ya kompyuta. Hakuna kitu; vipimo vilikuwa vimehifadhiwa ndani ya kivinjari alichokisafisha. Akampigia bosi.

"Aliambiwa ni ya maonyesho," bosi alisema. "Usijitie kitanzi. Njoo zako."

Fundi alikuwa amekaa, mkasi mkononi, akitazama vitambaa vya kijani vilivyojaa mezani. Hakugomba, na hilo ndilo lililomuuma Flashi zaidi.

"Mama, chukua futi," alisema. "Twende hotelini."

Waliingia kwa mlango wa nyuma, jikoni. Fundi akapima, Flashi akaandika kwenye laptopu yake. Wafanyakazi walikuja mmoja mmoja, wengine wakinung'unika. Mpishi mkuu, mwenye kitambi cha heshima, aligoma kabisa.

"Mlinipima juzi! Kwani nimekua?"

"Hujakua, kaka," Flashi alimjibu. "Ni mimi niliyekupoteza. Nisamehe."

Jiko zima likaangua kicheko. Mpishi akainua mikono. "Basi nipateni tena, ila kiuno mpunguze kidogo."

"Nikipunguza, vifungo vitakukimbia," fundi alisema, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mpaka zamu ya mchana inatoka, wote walikuwa wamepatikana, isipokuwa mfuaji mmoja aliyekuwa likizo. Huyo walimkadiria kwa aproni yake iliyoning'inia ukutani.

Bosi alipiga tena. "Bado uko kwa yule mama? Ameghairi kununua, siyo?"

Flashi akampa fundi simu.

"Sijaghairi, baba," fundi alisema. "Nitainunua. Lakini muiwekee mahali pa kutunza nakala, na huyu binti msimkaripie. Wengine wangekimbia."

Bosi akaguna, akaomba kuzungumza na Flashi, na kwa sauti ya chini akamuuliza hicho kitufe cha nakala kikae wapi.