Sufuria ya Fungamacho

Miguu ya mjukuu wangu ilivimba. Nilibonyeza kidole juu ya mguu wake, nikakitoa, na shimo likabaki. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na nyepesi kama nywele za mahindi. Mtoto huyo, Mamy, alikuwa na miaka miwili, na babu yake, yaani mimi, ana mashini ya kukoboa mpunga hapa Kindu, karibu na reli. Nyumba imejaa mchele, mtoto anakonda usoni na kuvimba miguuni. Semeni mnavyotaka.

Nilimpeleka kituo cha afya pamoja na mama yake, binti yangu Sandrine. Mume wa Sandrine anachimba madini Kalima, kwa hiyo yeye na mtoto wanakaa kwangu. Muuguzi alimfunga Mamy utepe wa rangi kwenye mkono, juu ya kiwiko. Utepe ukasimama kwenye nyekundu, rangi ya hatari.

"Mutoto anakula nini?"

Nilijibu mimi, kifua mbele. "Wali. Wali mweupe wa mashini yangu, asubuhi na jioni. Katika avenue yetu, mtaa mzima, hakuna nyumba inakula mchele mweupe kama yetu."

"Na nini tena?"

"Na supu ya samaki."

"Supu, ao samaki?"

 Samaki nilikuwa ninamla mimi. Mtoto alikuwa anapata maji yake.

"Papa," muuguzi akasema, "unamulisha mutoto rangi nyeupe."

Alitupa pakiti za siagi ya karanga ya dawa. Zilikuwa za siku nane tu, kwa sababu nyingine zilikuwa hazijafika. Akatuambia tumlete Mamy kila juma, na akipata homa au akikataa kula, tusingoje juma, tukimbie siku ile ile. Kisha akamwangalia Sandrine.

"Pakiti zikiisha, nyumbani iko karanga? Iko matembele? Iko samaki ndogo? Basi mupike vile wamama walipika wakati wa vita."

Sandrine akanigeuzia macho.  

Mwaka 2002 mji ulizingirwa. Wenye bunduki walikuwa ndani, wenye bunduki wengine walikuwa nje, na mashamba yetu yalikuwa katikati. Wengi waliokwenda kung'oa muhogo hawakurudi. Mke wangu, Albertine, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, siku aliyomzaa Sandrine. Aliyemlea mtoto ni dada yangu mkubwa, Scholastique. Katika kiwanja chetu kulikuwa na watoto tisa, wa ndugu na wa wakimbizi, na Sandrine alikuwa mdogo kuliko wote.

Tulikuwa na magunia matatu ya mpunga wa Kibombo, nimeyaficha nyuma ya ukuta. Mashini za mji zilikuwa zimelala, hakuna mazutu ya kuziendesha. Scholastique alitwanga mwenyewe, ametandika nguo nzito chini ya kinu ili sauti isifike barabarani. Alitwanga mpaka ganda litoke, akaacha hapo. Ngozi ya kahawia ya mchele hakuigusa. "Nikiendelea kutwanga, natupa chakula," alisema. Akachanganya na karanga alizozipanda nyuma ya choo, na visamaki vya mto vilivyokaushwa, akavitwanga na vichwa na mifupa, na majani ya matembele yaliyoota pembeni mwa mfereji, na kijiko cha mafuta ya mawese alipoyapata.

Kilitoka kitu cha rangi ya matope ya kijani. Watoto walikikataa. Akawaambia, "Fungeni macho, mumeze." Walifumba, wakameza, wakafungua macho kuomba nyingine. Hicho chakula kikaitwa fungamacho.

Nyumba nyingi za avenue yetu zilizika watoto. Sisi tuliingia na tisa, tukatoka na tisa.

Sasa nitasema nililofanya mimi. Mwaka 2004 nilipata mashini yangu. Mchele wa kwanza ulitoka mweupe kama meno, nikafanya karamu. Walikuja wenye maduka, walikuja wakubwa wa mtaa, nimevaa shati jipya. Scholastique naye akaja, amebeba sufuria kichwani. Akaiweka katikati ya meza, akafunua. Fungamacho. Alikuwa amepika kwa furaha, kwa sababu ndicho kilichotufikisha pale. Mgeni mmoja akacheka, akauliza kama tumerudi msituni. Mimi nikaichukua sufuria, nikatoka nayo nje, nikamwaga yote mbele ya bata.

"Yaya, vita imekwisha," nikamwambia mbele ya watu, maana kwetu dada mkubwa anaitwa Yaya. "Chakula cha vita kiende na vita."

Aliokota sufuria yake, akaipangusa kwa jani la mgomba, akafunika.

"Isidore," alisema, "bata wako watakuwa na afya."

Akavuka mto kwenda Alunguli kwa watoto wa mama yetu mdogo, na huko akabaki. Tulikuwa tunakutana kwenye matanga tu, salamu ya mbali. Sandrine alikuwa anakwenda kumsalimia. Mimi hapana. Na katika nyumba yangu ilikuwa sheria: mchele wa kinu hauingii, matembele ni ya watu wasio na pesa.

Baada ya kutoka kituo cha afya nilingoja siku sita, nikijidai nina kazi. Siku ya sita zilibaki pakiti za siku mbili. Nikapanda mtumbwi na gunia dogo kwenye mapaja.

Nilimkuta Scholastique ameketi mlangoni anamenya karanga. Ana miaka sitini na kitu sasa, vidole bado ni vyepesi.

"Yaya, jambo."

"Jambo. Bata hawajambo?"

Sentensi hiyo alikuwa ameitunza miaka ishirini.

"Mamy ako mugonjwa. Miguu inavimba."

Mikono yake ikasimama. "Na nywele?"

"Nyekundu."

"Na wewe umekuja na gunia. Ndani iko nini?"

"Pumba ya mashini yangu," nikasema. Nilikuwa nimelifikiria jambo hili njia nzima na nilijiona mwenye akili. "Kama nguvu ya mchele iko kwa pumba, basi nachanganya pumba kwa wali mweupe, inakuwa sawa na fungamacho yako."

Aliingiza mkono kwenye gunia, akatoa kidogo, akasugua kwenye kiganja, akapuliza. Kilichobaki kiganjani kilikuwa vipande vigumu vinavyong'aa.

"Hii ni maganda. Mashini yako inasaga ganda na pumba pamoja. Ukimupa mutoto, itamukwaruza tumbo. Isidore, uko na mashini miaka makumi mbili, haujue kitu inatoka nyuma yake?"

Sikuwa ninajua. Nyuma ya mashini walikuwa wanasimama watu wa nguruwe wakizoa pumba, mimi nilisimama mbele.

"Basi kuja utupikie, Yaya. Nakuomba."

"Sikuji. Mwenye kumwaga, ndiyo mwenye kupika. Si Sandrine. Wewe." Akanisogezea kigoda. "Andika."

"Sina kalamu."

"Uliacha shule mwaka wa tano, hata ungekuwa nayo. Shika kwa kichwa. Mchele wa kinu, kopo moja, unalowekwa tangu asubuhi kwa sababu ngozi yake ni ngumu. Karanga nusu kopo, unakaanga kidogo bila mafuta, unatwanga. Visamaki vya kukauka, mukono mumoja, na vichwa, usitupe vichwa. Wali ukilainika kabisa, unatia karanga na samaki, unakoroga mupaka inakuwa nzito. Matembele mikono mbili, umekata ndogondogo, yanaingia mwisho. Ukiyatia mbele yanakufa. Kijiko cha mawese, chumvi ya kuonja tu. Sema."

Nilisema. Nikasahau mawese. Akanirudisha mwanzo. Mara ya pili nilitia matembele kabla ya karanga. Mara ya tatu nilipita, kama mtoto wa katekisimu.

"Na samaki anakula mutoto mbele," akaongeza. "Wewe utakula kitu atabakisha."

Nilikopa kinu chake. Mwenye mtumbwi aliniangalia navuka na kinu kati ya magoti.

Kinu nilikiweka nje, kando ya mashini, kwa sababu ndani hakuna nafasi. Ilikuwa siku ya soko, foleni ya wateja ilikuwa ndefu. Nikaanza kutwanga. Mama Odile, anayeuza mikate ya kukaanga mbele yetu, akaacha kikaango chake.

"Papa Mashini! Mashini imekufa?"

"Iko muzima. Si unaisikia inalia?"

"Basi unapiga kinu sababu gani? Mashini imekukosea?"

Foleni yote ikacheka. Ismaël, mkulima wa Kibombo aliyekuwa na magunia manne, akaketi juu ya gunia lake. "Kama mwenye mashini anatwanga kwa mukono, mimi mupunga yangu namuachia nani?"

Sandrine akaja kunipokea mchi. "Papa, lete. Watu wanaangalia."

"Waangalie. Yaya alisema mimi."

Nikawaambia wote, bila kuacha kutwanga, maana nikiacha ningeona haya: mjukuu wangu anaumwa kwa sababu ya mchele mweupe na kwa sababu samaki nakula mimi. Kicheko kikaisha. Mama Odile akaja, akanionyesha namna ya kushika mchi, kwa maana nilikuwa naushika kama sururu.

Wali wa kwanza niliuunguza. Wa pili ukatoka fungamacho halisi, rangi ile ile ya matope ya kijani. Mamy akaangalia, akageuza shingo. Sandrine akafumba macho yake mwenyewe, akala kijiko, akayafungua. Nami nikafumba, nikala. Miaka ishirini, na ulimi ulikuwa bado unaukumbuka. Nilipofungua jicho moja, Mamy alikuwa ameyabana macho yake mpaka uso mzima umekunjamana, na mdomo umefunguka wazi.

Nilipika kila siku. Kila juma tulirudi kwenye utepe. Juma la pili shimo la kidole halikubaki tena mguuni. Juma la nne utepe ulisimama kwenye manjano. Juma la saba ulisimama kwenye kijani, na Mamy akampiga muuguzi kofi kwa sababu hakutaka kuvuliwa blauzi. Muuguzi alicheka, akauliza nani alipika.

"Mimi," nilisema. Nimewahi kujivuna mbele ya watu kwa mambo mengi, gunia, mashini, shati. Hili ndilo la kwanza ambalo nilikuwa na haki nalo.

Siku hiyo hiyo nilivuka mto na sufuria imefungwa kwa kitambaa. Niliiweka mbele ya Scholastique mbele ya majirani zake wa Alunguli. Nikala mimi kijiko cha kwanza, macho wazi.

"Yaya, nilisema chakula cha vita kiende na vita. Nilisema bure. Kilikuwa chakula chetu."

Alionja. Akatafuna polepole, akatafuta kosa, akalipata.

"Chumvi imezidi."

"Kidogo."

"Kidogo," akakubali, akachukua kijiko kingine. "Kesho nakuja kuona kinu yangu. Haujaipasua?"

Alikuja. Alikaa kwenye kigoda mlangoni kwangu, akala, na Mamy akamwonyesha namna anavyokimbiza bata. Wamama watano wa avenue walikuja na makopo yao kusikiliza, na Scholastique akanisukuma mbele. "Mumuulize yeye, anaijua kwa kichwa." Niliwaambia, na mawese sikuyasahau. Mashini yangu nayo nimeilegeza kisu, mchele unatoka na rangi yake kidogo. Nani anataka mweupe, iko mashini nyingine kule sokoni.

Gharama yake ni hii. Siku arobaini na tatu. Makopo arobaini na matatu ya mchele wa kinu, pamoja na moja lililoungua, arobaini na manne. Makopo ishirini na mawili ya karanga. Malengelenge sita, manne mkono wa kulia, mawili wa kushoto. Wateja kumi na mmoja waliohamia mashini ya sokoni. Sufuria moja iliyomwagwa mbele ya bata. Na miaka ishirini ambayo dada yangu, aliyenilelea mtoto, hakula kwangu.