Hesabu ya Ndege za Symphorien

Mwaka wa 1946, huko Kibabi katika milima ya Masisi, hakuna aliyemwita Symphorien kwa jina lake la ubatizo. Aliitwa Papa Ndege Tatu. Wanawake waliopalilia maharagwe walimwita hivyo, wachungaji walimwita hivyo, na siku moja hata katekista alijisahau akalitamka jina hilo mbele ya altare. Jina lilikuwa limemtangulia nyumbani. Alipokuwa bado vitani Abisinia, barua yake ilisomwa uani mwa kanisa, na watu wote wakasikia kwa masikio yao kwamba ndege tatu za Waitaliano zilianguka mbele ya bunduki za kikosi chake.

Aliyeisoma barua hiyo alikuwa Mwalimu Athanase. Mapadre walimlea miaka minane katika shule ya bweni, akatoka huko na kalamu nyekundu mfukoni na imani moja moyoni: kwamba neno lisilo sahihi ni uchafu, kama ukucha wenye udongo. Hakuchelewa kengele hata siku moja. Hakusamehe kosa la imla, hata la mtoto wa chifu. Alimpenda Symphorien kuliko wanafunzi wake wote wa zamani, na kwa sababu hiyohiyo hakuwahi kumsifu.

Mambo yaliharibika siku Honoré alipopanda kutoka Walikale. Honoré alikuwa kaporali wa zamani, sasa msimamizi wa wajenzi wa barabara kule msituni, na alikuja Masisi kutafuta maharagwe ya kuwalisha watu wake. Alikaribishwa pombe ya ndizi kwa Sebarenzi, mfugaji mwenye ng'ombe wengi, ambaye alikuwa amekwisha kukubali kumwoza Symphorien binti yake, Verdiane. Honoré aliposikia Symphorien, mwenzake wa vitani aliyeketi hapo pia, akiitwa Papa Ndege Tatu, pombe ilimtokea puani.

"Tatu? Kaka, miye nilikuwa pale! Ilianguka moja. Hizi zingine mbili ulizitoa wapi, ku soko?"

Watu walicheka, wakimtazama Symphorien ajibu. Symphorien aliinamia kibuyu chake, akanywa.

Kesho yake asubuhi Sebarenzi alisimama mlangoni pa darasa, fimbo mkononi, kofia kifuani.

"Mwalimu, muntu mwenye kuongeza ndege, kesho atapunguza ng'ombe. Ataniambia chui alikula, kumbe alikula yeye na rafiki zake. Miye sina mutoto wa kumupa muongo. Lakini sikusoma. Wewe ndiye ulisoma. Pima hii maneno, na Jumapili, siku ya Mungu, uniambie: iko tatu ao iko moja. Kama alidanganya, Verdiane haendi."

"Nitapima," alisema Athanase. "Na nitasema jambo lilivyo, Papa Sebarenzi, hata likiniuma."

Alisema hivyo kwa fahari, kwa kuwa hakudhani kwamba lingemuuma yeye.

Jumamosi, baada ya masomo, aliwaita askari wote wawili wa zamani darasani, akawakalisha kwenye dawati la mbele, magoti yao yakigusa videvu. Mezani aliweka daftari, na kando yake gazeti la misioni la mwaka wa vita alilolihifadhi. Gazeti lilisema ndege nne. Basi hesabu zilikuwa tatu: nne za gazeti, tatu za kijiji, moja ya Honoré.

"Tuanze na nne," alisema Athanase, akachora milima ubaoni. "Honoré, simama uonyeshe."

Honoré aliinuka, akaweka kidole juu ya chaki. "Hapa tulikuwa siye. Hapa kampani ya pili ya askari. Hapa na hapa, wengine. Ndege ilianguka ngambo ya hii mulima, moshi ikapanda. Kila kampani iliona moshi, kila kampani iliandika: tumeangusha moja. Karani akajumlisha, ikakuwa nne."

Athanase aliitikia kwa kichwa polepole. Maelezo hayo yalimpendeza kama hesabu iliyogawanyika bila baki. Mbuzi mmoja akilia bondeni, vilima vinne humsikia, lakini mwenye akili hatasema mbuzi ni wanne. Akaifuta nne kwa kitambaa.

"Imebaki yako, Symphorien. Zilianguka ngapi?"

"Andika vile unaona, Mwalimu."

"Siandiki nionavyo, naandika ilivyokuwa! Ngapi?"

Symphorien alikuwa mtu mzima mwenye kovu la risasi begani, lakini wakati ule alikaa kama alivyokaa zamani alipokosea mashairi ya kukariri ya Jumatatu. "Ilikuwa moja," alisema mwishowe. "Honoré anasema kweli."

"Basi ulinidanganya katika barua, nami nikawadanganya watu wa Mungu uani mwa kanisa."

Symphorien alisugua kovu lake.

"Kama Mwalimu anasema nilidanganya, nilidanganya."

Honoré aliacha kucheka. Alimgeukia mwenzake, kisha mwalimu. "Huyu? Mwalimu, huyu alikuwa anarudisha hata risasi ya kuokota. Kuna kitu hapa."

Lakini Athanase alikuwa amekwisha kufungua daftari. Akaandika: *Moja. Symphorien alisema uongo.* Hati yake, ambayo kwa kawaida ilisimama wima kama mapadre kwenye picha, safari hii ililala.

Aliona si haki mama mzazi wa Symphorien ayasikie mambo hayo kwa watu, akaenda kumwambia mwenyewe. Mama Anastasie alikuwa ameketi nje, akipepeta maharagwe. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo. Kisha akaingia ndani, akarudi na kitabu cha sala, na kutoka katikati ya kurasa akatoa barua iliyokunjwa mara nne.

"Miye sijue kusoma. Uliniachia hii baada ya kuisomea watu. Isome tena, Mwalimu. Unionyeshe pahali mutoto wangu alidanganya."

Athanase aliifungua. Wino wa Symphorien ulikuwa umefifia, lakini wekundu wa kalamu nyingine ulikuwa bado mbichi. Akakumbuka: kabla ya kuisoma barua ile mbele za watu, alikuwa ameisahihisha, kama alivyosahihisha kila karatasi iliyopita mikononi mwake. Symphorien aliandika kwa Kiswahili cha nyumbani: *Ndege tatu ilishuka karibu yetu, tukapiga sana. Kisha mbili ikapanda tena.*

Neno *ilishuka* lilikuwa limekatwa. Juu yake, kwa hati iliyosimama wima, mtu alikuwa ameandika: *zilianguka*. Na sentensi ya mwisho ilifutwa yote kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni palikuwa na maneno mawili: *Haina maana.*

"Inasema nini?" aliuliza Mama Anastasie.

Athanase aliweka kidole juu ya neno lililokatwa. "Inasema ndege tatu zilishuka, Mama. Mbili zikapanda. Mimi ndimi niliyeona kwamba neno hilo ni dogo mno kwa vita, nikaandika kwamba zilianguka. Kisha nikaona kwamba kitu kilichoanguka hakiwezi kupanda, nikaifuta kweli yenyewe."

Mama Anastasie aliusukuma ungo kando. "Mwalimu! Kushuka haiko kuanguka. Miye ninashuka hii mulima kila siku ya soko, na bado niko hai."

Athanase alimkuta Symphorien kwenye kijito, akinawa miguu. Alimwonyesha karatasi tu. Symphorien aliitazama kama mtu anayekutana na deni la mwingine.

"Uliijua?"

"Tangu nilirudi. Niliiona ndani ya kitabu cha Mama."

"Na ukaridhika kuitwa mwongo leo, mbele yangu, nikikukaripia?"

"Mwalimu, nitasimama wapi niseme muntu aliyenifundisha kusoma hajue kusoma?" Alikung'uta maji mguuni. "Lakini pombe ya watu nilikunywa, mwaka muzima, kwa ile jina. Hiyo iko zambi yangu miye. Usiibebe."

"Sitaibeba," alisema Athanase. "Utaiungama mwenyewe." Akageuka upesi, maana macho yalikuwa yanamwasha, naye hakuwa na kanuni yoyote ya jambo hilo.

Jumapili baada ya misa alipanda kwenye ngazi ya kanisa. Kosa lilifanywa mbele ya watu, na mbele ya watu lilipaswa kutenguliwa. Aliisoma barua kama ilivyoandikwa, *ilishuka* ikiwa *ilishuka*, bila kurekebisha hata herufi, na kila neno lilipita kooni mwake kama muhogo mkavu. Kisha akasoma masahihisho yake mwenyewe, na *Haina maana*. Hapo uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko, na Honoré akalazimika kujishika kwenye nguzo ya kengele.

Sebarenzi peke yake hakucheka. Alimwendea Symphorien.

"Ilianguka ngapi?"

"Moja, Papa."

"Nani aliipiga?"

"Sijue, Papa. Tulipiga wengi."

"Na siku chui atakula ng'ombe yangu, na aliyeiacha bila kuichunga ni muntu unamuheshimia, utanyamaza tena?"

Swali hilo lilikuwa zito, na Symphorien hakulikimbilia. "Kwa jina yangu nilinyamaza, Papa, na nilikosa. Kwa ng'ombe ya muntu mwingine siwezi kunyamaza."

Sebarenzi alijikuna shavu. Kabla hajasema, sauti ya Verdiane ilitoka katikati ya wanawake, safi na bila haya: "Papa, moja iko inatosha. Hata zingekuwa tatu, ulitaka miye nizikamue?"

Sasa mzee alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Alipoiokota, aliushika mkono wa Symphorien, na watu wakapiga makofi. Kisha akamnyooshea Athanase kidole.

"Lakini tangazo ya ndoa, Mwalimu, usiiguse! Utaniandikia kwamba binti yangu ameanguka."

Athanase alikunja barua mara nne, akamrudishia Mama Anastasie, akanyoosha koti lake.

"Litaandikwa na katekista," alisema. "Ila ataniletea kwanza nilione."