Kanuni ya Miaka Mitano

Mwaka wa saba sasa, kila asubuhi Gotthilf Rademann alifungua dirisha la ofisi yake Berlin na kunusa. Moshi wa makaa. Mavi ya farasi. Udongo hakuna.

Kule Wiesenrode aliacha shule ya kilimo aliyoianzisha ndani ya zizi la kondoo. Serikali ilimwita wizarani asimamie shule zote za namna hiyo. Kwa muda tu, walimwambia. Oktoba hii mkuu wa Wiesenrode alistaafu, na Rademann akaenda kwa Waziri.

"Mheshimiwa, nirudishe kwangu."

Waziri alicheka mpaka miwani ikamporomoka. "Rademann! Nani aliyeandika kwamba mtu aliyekaa miaka mitano bila kulima asiongoze shule ya kilimo?"

Ni yeye. Aliiandika kwa hasira, kuwazuia watoto wa makabaila waliotamani nyumba ya mkuu wa shule na hawajawahi kushika jembe.

"Niliwafungia wao, si mimi."

"Mlango ni mmoja, bwana. Basi ifute, nitatia sahihi. Von Trebbin naye, anayeitamani nafasi hiyo, atafurahi. Mjomba wake hanipi pumzi, kila karamu ni mpwa wake tu."

Nyumbani, mkewe Adelheid alikuwa akikata mkate wa shayiri nyeusi. "Enhe? Nifunge mizigo?"

"Nikiifuta, Trebbin ataomba. Na kwa mjomba yule, nafasi ataipata yeye."

"Trebbin yupi? Yule aliyeuliza viazi huchumwa mtini mwezi gani?"

"Huyohuyo."

Adelheid aliangua kicheko, kisha akaweka kisu chini. Yeye pia alikuwa na bustani kule. "Wewe na kichwa chako kigumu! Ungeandika miaka kumi, mkono ungekatika?"

 Rademann alikirudisha kipande chake cha mkate mezani.

Asubuhi alimpendekeza Ensslin, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye hata kanisani alinuka ng'ombe. Kanuni aliiacha ilivyo. Alipomaliza aliinuka, akaenda dirishani, akasukuma. Halikutikisika. Akasukuma kwa bega.

"Tumeshapachika vioo vya pili vya kuzuia baridi, Mheshimiwa," tarishi alisema kutoka mlangoni. "Tumeziba na nyufa zote. Safari hii hata upepo hauingii."

"Mpaka lini?"

"Aprili, Mungu akipenda."

Rademann alibaki ameweka kiganja kwenye kioo.