Kiti cha Bibi Injinia

Jioni ya Mkesha wa Krismasi kila nyumba ya Wapolandi huandaa sahani moja ya ziada kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, na kila nyumba huomba kimoyomoyo asitokee. Kengele ikilia saa ile, watu hutazamana kama waliosikia harufu ya kitu kinachoungua. Mzee Seweryn Pałubicki alikuwa amevuka miaka themanini na hajawahi hata siku moja kumwona mgeni huyo akikalia kiti chake.

Mwaka huu Żaneta, mke wa mwanawe, aliiweka sahani hiyo mbele ya kiti cha marehemu mama mkwe wake, Bogumiła, aliyezikwa mwezi Machi. Aliipanga taratibu, akanyoosha uma na kisu, akafuta jicho. Seweryn alimtazama akifuta jicho, akamwonea wivu. Yeye hakuwa amelia tangu Machi. Alikula alipoambiwa ale, alivaa koti alipoambiwa kuna baridi. Hakuwa na uchungu, hakuwa na furaha, hakuwa na chochote. Hata neno lenyewe la kifo halikuwa limetoka kinywani mwake. Watu walipomuuliza habari za mkewe alijibu, "Hayupo," nao wakadhani ametoka kwenda sokoni.

Kitu kimoja tu alikuwa bado anakitaka. Alitaka kumsikia mtu asiye wa nyumba hii, hata mmoja tu, akimtaja Bogumiła kwa jina pamoja na kazi aliyoifanya.

Maana Bogumiła, aliyekuwa injinia kwenye kiwanda cha mpira, ndiye aliyebuni ile chuchu laini ya chupa kwa watoto wanaozaliwa na mdomo na kaakaa vilivyopasuka, wale ambao maziwa huwatokea puani wakabaki na njaa mikononi mwa mama zao. Aliuchemsha mpira na kuukata jikoni hapa hapa, akaharibu masufuria yote waliyopewa harusini. Kisha alikuwa akienda wodini kuwanywesha watoto kwa mkono wake mwenyewe. Aliporudi, Seweryn hakuuliza kitu, alisubiri tu. Siku nyingine mkewe alipita moja kwa moja hadi chumbani na kufunga mlango. Siku nyingine alisimama kizingitini bado amevaa koti na kusema neno moja: "Amemeza." Siku hizo walifungua vodka.

Kiwanda kiliisajili chuchu ile kwa jina la mkurugenzi, kikaiuza ng'ambo, na huko ng'ambo ikapewa majina mengine. Kiangazi kilichopita kiwanda kiliandaa maonyesho ya kujisifu. Seweryn akavaa suti yake ya msiba, akaenda. Mkurugenzi alikuwa ukutani na medali zake, na matairi yalijaa kila kona. Bwana mmoja mwenye beji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Yaani mzee, unataka tumtundike bibi yako ukutani pembeni ya chuchu?" Mwenzake alicheka hadi akashikilia meza. Seweryn akaaga, akapanda tramu, akarudi nyumbani. Hata hasira haikumjia.

Sasa nyota ya kwanza, ile inayoruhusu watu kuanza kula, ilikuwa imeonekana juu ya paa la jirani. Ludwik, mwanawe, akachukua ile kaki nyembamba ya mkate ambayo watu humegeana kabla ya kula huku wakitakiana heri. Akampa baba yake kipande. Hapo kengele ikalia.

"Nani tena huyo?" Żaneta akauliza.

"Wauza kalenda, nani mwingine," Ludwik akasema, akaenda kufungua.

Seweryn alisikia sauti ya mwanamume, yenye kupita puani kidogo, ikieleza jambo. Kisha akamsikia mwanawe: "Bwana, leo ni Mkesha, tuko mezani. Hapana, hayupo. Haya, nenda salama." Mlango ukafungwa.

"Nani?"

"Jamaa fulani kutoka vijijini, ng'ambo ya mto, amekuja na chupa ya uyoga wa siki. Watu hawana haya, baba. Siku ya leo!"

"Anataka nini?"

"Anamtaka mama. Anasema anamtafuta Bibi Injinia. Sasa mimi nianze kumsimulia habari za msiba pale mlangoni? Nimemwambia hayupo, basi."

Bibi Injinia. Kiwandani walikuwa wakimwita hivyo, zamani. Seweryn akaitazama sahani tupu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mama, baba," Żaneta akajibu kwa upole.

"Ni ya mgeni."

"Mwaka huu ni ya mama."

"Mama hali tena," mzee akasema, akainuka.

Alishuka ngazi na ndara zake za nyumbani, kaki bado imo kiganjani. Nyuma yake Żaneta alipiga kelele, "Baba, viatu! Mshike, Ludwik, unamtazama nini?" Lakini mzee aliyeishi miezi tisa bila kukimbilia kitu chochote alikuwa ameshafika barabarani, theluji ikimwingia vidoleni.

Kwenye kituo cha basi alikaa mtu mmoja tu, mwanamume wa makamo, amepakata chupa ya uyoga. Masharubu yake mazito hayakutosha kuficha mshono uliopanda kutoka mdomoni hadi puani.

"Ni wewe uliyemtaka Bibi Injinia?"

Yule mtu akasimama, akavua kofia. "Ni mimi, bwana. Naitwa Remigiusz Kotlęga. Naomba radhi kwa kuwavurugia Mkesha. Mama yangu amenifukuza mezani, nakuambia kweli. Anasema, kila mwaka unaniambia mwakani, mwakani. Nenda ukamegeane kaki na Bibi Injinia Bogumiła Pałubicka, aliyekunywesha kwa ile chuchu aliyoitengeneza mwenyewe, la sivyo samaki wangu huli." Akacheka kidogo kwa aibu. "Ni kikongwe, bwana, lakini humjui. Huli kweli."

Basi, jina na kazi vilikuwa vimetoka pamoja, katika kinywa cha mtu wa nje. Seweryn akasubiri kifua chake kifanye kitu. Hakikufanya kitu. Aliona tu kwamba mtu huyu amesimama na kofia mkononi na anastahili kujibiwa.

"Mke wangu amekufa," akasema. "Amekufa mwezi Machi."

Remigiusz akaitazama chupa yake. "Mungu wangu. Mwakani, mwakani," akajisemea. "Ona sasa."

Seweryn akafumbua kiganja. Kaki ilikuwa imepondeka, kwa hiyo waligawana chenga zake, kila mmoja akamtakia mwenzake afya, kama inavyopasa.

"Twende juu," mzee akasema. "Kiti kipo."

"Lakini bwana, mwanao..."

"Mwanangu atanyamaza."

Na kweli Ludwik alinyamaza. Aliziona ndara za baba yake zilivyoloa, akamwona mgeni, masikio yakamwiva kwa aibu. Kisha akakivuta mwenyewe kiti cha mama yake. Remigiusz akakaa ukingoni, kama mtu anayeogopa kukichafua, na Żaneta akammiminia supu ya bitiruti kwenye ile sahani.

Wote walitazama pembeni kwa adabu, isipokuwa Seweryn. Yeye aliinamia meza, akamkodolea mgeni macho mdomoni bila haya yoyote. Remigiusz akapuliza kijiko, akakipitisha chini ya masharubu. Koo lake likapanda, likashuka. Puani hakukutoka kitu.

"Amemeza," Seweryn akasema.

"Unasemaje, baba?" Ludwik akauliza.

Mzee hakuweza kurudia. Alikuwa analia, kinywa wazi, kwa sauti, ameng'ang'ania kitambaa cha meza hadi vijiko vikagongana. Mgeni akaingiwa na hofu, akashusha kijiko.

"Kula," Seweryn akamwambia katikati ya kilio. "Kula, mwanangu. Usiache."