Hofu Iliyomla Mama Yangu

Zamani, kabla hofu haijaingia nyumbani kwetu Moshi mjini, mama yangu Mwantumu alikuwa mcheshi kuliko wanawake wote wa mtaa. Wateja waliokuja kununua vitumbua vyake walicheka hata wakasahau chenji zao.

Baba yangu, Sadallah, aliendesha lori la kahawa barabara ya Arusha. Mwaka vita vya Hitla vilipoanza, rafiki yake alipinduka na lori karibu na Bomang'ombe, akafa. Tangu hapo, kila baba alipowasha injini, mama alishika kifua. Nikimtazama, alisema, "Ni kiungulia tu, mwanangu Zaidi."

Hakumwambia mtu. Mke wa dereva sharti ajikaze, ndivyo walivyosema, naye akajikaza miaka na miaka. Usingizi ukampaa. Tumbo likaanza kumkata, akawa mtu wa uji tu, akakonda mpaka pete ikamvuka kidoleni. Ule ucheshi ulikwisha, wala hatukujua lini.

Baba, bila kujua kinachomla, akaliacha lori ili awe karibu naye, akaanza kushona viatu nyuma ya soko. Tukadhani yamekwisha. Kumbe hofu ilikuwa imeshazoea kukaa naye: akaogopa mvua za masika, akaogopa homa za wajukuu, akashtuka hata mtu akipiga hodi.

Siku moja alianguka akipepeta mchele. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akasema ana vidonda vya tumbo, na damu yake inakwenda kwa nguvu mno. Kisha akamuuliza taratibu, "Mama, nini kinakusumbua?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Sijui tena. Zamani nilijua."

Baba akainama. "Mbona hukuniambia, Mama Zaidi?"

"Ungeniona mjinga."

"Ningekaa nawe."

Na kweli alikaa naye. Kila alasiri alifunga kazi mapema, wakatandika mkeka uani. Mama akataja lililomtisha siku hiyo, baba akasikiliza bila kumbishia. Usingizi ukamrudia kidogo kidogo. Lakini tumbo halikupona kabisa, na moyo ulikuwa umeshachakaa kupita umri wake. Ulisimama mwaka hamsini na sita.

Mpaka leo nazitamani alasiri zile: mawingu yameondoka kwenye kilele cha Kibo, chai ya tangawizi inafuka moshi, mama anazungumza, na baba hana haraka ya kwenda popote.