Maji ya Sukari kwa Kuvu

...tone moja tu, amesema mkuu wa maabara, tone moja halimuui mtu, na sasa tone lenyewe linaning'inia kwenye ncha ya bomba la sindano, juu ya chupa, mkono wa mtafiti umekufa ganzi, amesimama tangu asubuhi, miguu imejaa kama magunia, na humo chupani kuvu imejilaza juu ya kipande cha mfuko wa nailoni ambacho inatakiwa ikile, nyembamba, rangi ya majivu, imekonda hata inatia huruma, "Umetia?" mkuu anauliza kutoka mlangoni, "kesho wageni wataona nini, dada yangu, mgonjwa?"... wataona nini, kweli, na wao ndio watakaoamua kama kazi iendelee au chumba hiki kigeuzwe stoo, safari ile nyingine alitia sukari, kila asubuhi alitia, kuvu ikanenepa, nyeupe pe, laini kama pamba, watu wakapiga nayo picha, kisha akaibandua, na chini yake nailoni nzima, kama imetoka dukani leo, hata maandishi yalisomeka, kwani ihangaike na nailoni ya nini na sukari inaletewa mdomoni... kama mdogo wake, mwanamume mzima na ndevu zake, jana tena kajinyoosha kwenye kochi, na mama, na magoti yale yanayomuuma, anampelekea sahani, "Mwache mwanangu apumzike," "Kapumzika tangu amalize shule, mama," "Wewe nawe na mdomo wako!" na chakula cha sahanini nani alikinunua, si yeye, si yeye huyu anayerudi hoi, akavua viatu, akaanza kuwahudumia wengine, ah, amechoka, amechoka kulisha... "Umelala humo?" hajalala, anatazama tu, pale ukingoni mwa nailoni, kivuli labda, anainamisha kichwa, si kivuli, nailoni imepauka, imemegwa kama jani lililopitiwa na viwavi, padogo, padogo kuliko ukucha wa mtoto, hakuna mgeni atakayepaona asiposhikwa kichwa akainamishwa, basi atawashika, mmoja mmoja, wacheke wakitaka, hii haiumwi, ina njaa, na kwa njaa hiyo imeanza kula... "Nakuuliza, umetia?" tone bado linaning'inia, limevimba, halijadondoka, na yeye, taratibu, kwa dole gumba lisilohisi kitu, anaanza kulivuta lirudi bombani.